Kinga ya Majengo

Mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake wauzao ngono mtaani Majengo, Pumwani. Wachache hawakupata virusi vya ukimwi (VVU) licha ya kukabiliwa navyo miaka mingi. Tumbili ni kinyume chao: virusi vya jamii hiyo humwingia, vikazaana tele, naye haugui, kwani mwili wake huutuliza upesi mchafuko wa kinga. Wameishi pamoja kwa maelfu ya miaka. VVU vilivyoenea zaidi vilitoka kwa sokwe wa Afrika ya Kati. Kwa binadamu ni vigeni, tena hujinakili kwa makosa, vikigeuka daima. Wala kinga ya Majengo haikuwa ya kudumu: baadhi waliambukizwa baadaye, hasa waliopumzika kazi kwa muda. Yaelekea kinga isiyochokozwa ilififia.