SOMO: KOMPYUTA INAPODAI INTANETI MAHALI PASIPO NA MTANDAO



Kompyuta inapopelekwa shule au zahanati iliyo mbali na mtandao, ni rahisi kudhani kuwa faili la programu likiwa kwenye flashi, kazi imekwisha. Mara nyingi sivyo. Programu moja huhitaji nyingine ndipo ifanye kazi. Hizo tunaziita programu tegemezi. Je, kompyuta huamuaje kuzitafuta kwenye intaneti? Tuchukue mfano wa Debian, mfumo huria ulioanza mwaka 1993, ambao ndio msingi wa Ubuntu.

1. Dpkg haitafuti. Hupokea faili tulilolipa, husoma mahitaji yake na kuyalinganisha na daftari la programu zilizomo. Kitu kikikosekana, hutoa taarifa na kuiacha kazi bila kukamilika. Haiendi kwenye intaneti kamwe.

2. Apt-get hutafuta kwa mpangilio. Iliingia katika toleo la Debian la mwaka 1999. Hutazama daftari lile lile; kilichopo na kinachofaa hakipakuliwi tena. Kisha husoma orodha ya ghala iliyohifadhiwa kwenye diski, ambayo huhuishwa kwa amri ya apt-get update. Hatimaye hutazama kama faili limo katika akiba yake. Likikosekana, ndipo huliendea ghalani. Ghala hilo laweza kuwa kwenye intaneti, au kwenye sidii.

Tunajifunza nini? Intaneti hudaiwa penye upungufu, na upungufu huzibwa kabla ya safari. Tuzingatie haya:

- Tupakue tukitumia kompyuta yenye mfumo na toleo sawa na ile ya kijijini, nayo iwe haijaongezewa kitu. Kompyuta ya mjini ikiwa tayari na programu tegemezi, haitaipakua, na flashi itaondoka pungufu.
- Tuhuishe orodha kwanza. Akiba haiozi, lakini orodha ya zamani huweza kutaja faili lililokwisha kuondolewa ghalani.
- Tuzime intaneti, kisha tufanye jaribio zima tangu mwanzo kabla ya kusafirisha.

Wafadhili nao waulize kuhusu jaribio hilo kabla ya kulipia usafiri. Fundi akirudishwa kijijini kwa sababu ya faili moja, nauli hulipwa mara mbili.

Maswali ya kujadili

1. Kompyuta zetu zinatumia mfumo gani, na toleo lipi?
2. Ni nani katika kamati atakayesimamia jaribio bila intaneti?