Mwacheni Bibi Ainuke Mwenyewe

Kwetu mapenzi kwa mzee huonyeshwa kwa kumkalisha. Bibi akigusa ufagio, ananyang'anywa. Babu akinyanyuka kwenda kuchota maji ya kunywa, wajukuu watatu wanamkimbilia: "Kaa, babu, tutakuletea." Anakaa. Anaendelea kukaa mwezi hadi mwezi, mapaja yananywea, na usiku anapokwenda msalani peke yake, chini. Hapo tunasema, aah, uzee huo.

Uzee umo, sikatai. Lakini misuli isiyotumika hunywea kwa umri wowote, na ya mzee hunywea upesi zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, na wengi wao ni waliovuka miaka 60. Mengi ya kuzuia hayo yanafanyika nyumbani, bila mashine wala ada ya jimu.

1. Anza na kiti. Tafuta kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Vile vya plastiki huteleza. Baraza ya nje nayo inafaa. Mwambie bibi akunje mikono kifuani, asimame wima, akae tena. Watoa tiba ya viungo huhesabu mtu anasimama mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa vipimo vinavyotumika Marekani, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10 yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kwa mwanaume wa umri huo ni mara 12. Akipata chache usimtishe, maana kipimo chenyewe ndiyo dawa: afanye asubuhi na jioni, kidogo kidogo, akianza kwa kujisukuma na mikono ikibidi. Na ashuke polepole. Kule kushuka taratibu ndiko kunakojenga paja. Kujibwaga hakujengi kitu.

2. Mizani ya mwili nayo hufundishwa. Asimame karibu na ukuta au meza nzito, wewe ukiwa pembeni. Kwanza miguu pamoja. Kisha mguu mmoja utangulie nusu hatua. Kisha mmoja mbele kabisa ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa kubaki hivyo sekunde 10, hapo ndipo pa kufanyia kazi. Akiweza, ahamie kwenye mguu mmoja. Wazee wanaotawadha kwa kuinua mguu hadi kwenye bomba wamefanya zoezi hili maisha yao yote bila kulipa jina. Ila penye maji na sabuni si mahali pa majaribio; huko mpe kigoda akae, mazoezi afanyie pakavu.

3. Matembezi peke yake hayatoshi. Yana faida kwa moyo, sukari na usingizi, na dakika 150 kwa wiki ndiyo kiwango cha chini kinachopendekezwa. Lakini mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi, hasa ya mizani na ya miondoko ya kila siku kama kusimama na kukaa, hupunguza kuanguka kwa karibu robo, huku matembezi matupu yakikosa ushahidi wa kueleweka. Basi siku tatu au zaidi kwa wiki, matembezi yafuatiwe na namba moja na mbili hapo juu. Aongeze kusimama kwa ncha za vidole huku ameshika meza.

4. Msala ndio adui mkubwa. Kandambili zilizolika soli hadi zikawa laini, zitupe leo, hata kama bibi anazipenda. Bomba la chuma lifungwe ukutani kwa skrubu imara, kimo cha kiuno. Ndoano ya taulo haibebi mtu. Ndoo ijazwe nusu. Choo kikiwa cha kuchutama, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kikawekwa juu yake. Mzee akisema haya ni mambo ya wagonjwa, mwambie ni ya wageni, halafu uone nani atakitumia wa kwanza.

5. Pita nyumba nzima ukitazama chini. Mkeka uliokunjamana, waya wa televisheni, ndala za watoto mlangoni, kuku anayekatiza. Nyumba za zamani za Lamu, Mombasa na Unguja zina vizingiti virefu na ngazi zenye mteremko mkali: kingo zake zipakwe rangi nyeupe, jicho lizione. Kanga, kitenge au kanzu isifagie sakafu.

6. Usiku una kanuni zake. Mtu aliyelala akisimama ghafla, presha hushuka na kichwa huzunguka, zaidi akiwa anatumia dawa za presha. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, avute pumzi kadhaa, ndipo asimame. Umeme wetu tunaujua, kwa hiyo tochi ikae chini ya mto, si sebuleni. Chai ya saa tatu usiku isogezwe jioni. Na kopo la haja ndogo kando ya kitanda halina aibu yoyote.

7. Mkoba wa dawa, wote, uende hospitali. Dawa za usingizi, na hata Piriton tunayonunua dukani kama peremende, humlegeza mzee na kumyumbisha. Daktari aone kila kidonge, pamoja na vile alivyopewa na jirani. Macho yapimwe pia. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, hakuna haja ya kumzoea.

8. Fimbo ina hesabu. Mzee akisimama wima mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ashike kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu mbovu: goti la kulia likiuma, fimbo mkono wa kushoto. Karibu kila mtu hufanya kinyume. Ncha ivishwe mpira, na mpira ukiisha ubadilishwe. Babu akikataa fimbo ya hospitali, mnunulie bakora nzuri. Mwanaume mwenye bakora hujiona sheikh, na mguu unapona huku.

9. Akianguka, msimvute. Mnajaa chumbani, kila mmoja anashika kwapa, acheni. Kwanza aseme panapouma. Mguu mmoja ukionekana mfupi na wayo umegeukia nje, au hawezi kuukanyagia, huenda nyonga imevunjika: asichuliwe wala kunyooshwa na mtu, apelekwe hospitali. Aliyegonga kichwa naye anatumia dawa za kuzuia damu kuganda aende pia, hata kama anaongea na kucheka. Kama hakuumia, ageuke ubavu, apige magoti na mikono chini, atambae hadi kwenye kiti, aweke wayo mmoja sakafuni na kujisukuma juu. Mfundishe njia hiyo siku akiwa mzima, juu ya mkeka.

Kisha msimkaripie. Wazee wengi huficha kuanguka kwa kuogopa kuzuiwa kutoka nje. Muulize kwa upole alianguka wapi, alikuwa akifanya nini, kizunguzungu kilikuwapo au hakikuwapo, na umpeleke kwa daktari na majibu hayo.