Kuongoza Kituo cha Redio kutoka Mbali

Mwendeshaji wa redio ya ridhaa aishiye mjini hupata taabu mbili: hana nafasi ya kusimamisha antena ndefu, na vyombo vya umeme vya majirani hutoa kelele zinazofunika mawimbi hafifu. Kwa hiyo wengine huweka kituo chao mlimani au shambani, kisha hukiongoza kutoka nyumbani kwa njia ya intaneti.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, husafirishwa, kisha hurudishwa kuwa sauti. Pamoja nayo hupelekwa amri: kubadili masafa, kuzungusha antena, na kuanza au kuacha kurusha mawimbi.

Hatari kubwa imo katika amri hiyo ya mwisho. Intaneti ikikatika wakati mtambo unarusha, amri ya kuacha haitafika. Mtambo utaendelea kurusha, utapata joto kupita kiasi, na utawazuia wengine kutumia masafa hayo, hata mwenye kuomba msaada. Ndiyo sababu kanuni za Marekani zadai kituo cha namna hii kiwe na kinga: njia ya kukiongoza ikiharibika, kisirushe kwa zaidi ya dakika 3. Kinga hiyo yaweza kuwa saa ndogo iliyofungwa kwenye mtambo wenyewe, isiyongoja amri kutoka mbali.

Zoezi

1. Mwanga hupita katika uzi wa kioo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ukiacha muda unaotumiwa na mitambo ya njiani, amri itafika umbali wa kilomita 2,000 kwa muda gani?
2. Kwa nini kinga isiwekwe kwenye kompyuta ya mwendeshaji?