Kufundisha Urekebishaji wa Injini ya Helikopta ya Mfano

Helikopta ndogo ziendeshwazo kwa redio zilianza kuruka vizuri mwishoni mwa miaka ya 1960, hasa kwa juhudi za Mjerumani Dieter Schlüter. Siku hizi nyingi zatumia umeme. Walakini ile ya injini ingali chombo bora cha kumfundisha mwanafunzi wa ufundi jambo moja kubwa: kutafuta sababu kabla ya kugusa kitu.

Makusudi ya somo

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze (a) kueleza kazi ya kila sehemu ya mafuta. (B) kutambua mchanganyiko mzito na mwepesi kwa macho na masikio. (C) kurekebisha kabureta kwa utaratibu.

Maelezo ya mwalimu

Mafuta ya injini hii ni methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, yote katika chombo kimoja. Haina cheche: waya wa platini ulio ndani ya plagi hupashwa moto kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, kisha methanoli yenyewe huuweka katika hali ya wekundu. Nitromethani huja na oksijeni yake, ndiyo maana huongeza nguvu.

Mwalimu asisitize hoja ifuatayo, kwa kuwa somo zima limesimama juu yake. Mafuta ya kulainisha hayana njia nyingine ya kuingia ila pamoja na mafuta ya kuwaka. Ukipunguza mafuta, umepunguza ulainisho, na papo hapo umepunguza methanoli inayopoza silinda kwa kugeuka mvuke. Basi injini yenye mchanganyiko mwepesi mno huungua na kukauka kwa pamoja. Hatari ni kwamba kabla ya kuharibika hulia kwa sauti kali ya kupendeza, na mwanafunzi hudhani amefaulu.

Tahadhari

Badala ya kuonya tu, wanafunzi wakokotoe. Rota yenye kipenyo cha mita 1.35 ina mzingo wa mita 4.24 hivi. Ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, yaani mara 30 kwa sekunde, ncha ya panga huenda mita 127 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Atakayeipata hesabu hii kwa mkono wake hatahitaji kufukuzwa karibu na mashine. Waelezwe pia kwamba methanoli ni sumu, na mwali wake hauonekani vema mchana.

Hatua za kazi

1. Sindano kuu ifunguliwe kwa kipimo cha mtengenezaji; kwa kawaida ni mzunguko mmoja na nusu hadi miwili.

2. Wakati wa kuwasha, kiongoza-mwendo kiwe chini kabisa na kichwa cha rota kishikwe imara. Betri ikishaondolewa, mashine ipelekwe mahali pa wazi.

3. Helikopta iinuliwe na kutulia hewani. Moshi mwingi mweupe pamoja na uzito wa kupanda ni dalili za mchanganyiko mzito.

4. Itue, rota isimame, ndipo sindano ifungwe thumuni ya mzunguko, si zaidi. Jaribio lirudiwe.

5. Nguvu ikiacha kuongezeka, sindano irudishwe nyuma thumuni moja. Moshi hauna budi kuendelea kuonekana.

6. Sindano ya mwendo wa chini ifuate baadaye. Injini ikinguruma polepole kwa nusu dakika, kisha ikiongezwa mwendo ikakohoa na kutoa moshi, ni nzito. Ikizimika ghafla, yaelekea ni nyepesi. Baada ya hapo sindano kuu ihakikiwe tena.

Kila badiliko liandikwe katika jedwali: hali ya hewa, nafasi ya sindano, moshi, sauti, matokeo. Mwanafunzi asiruhusiwe kubadili mambo mawili kwa mara moja, maana hatajua ni lipi lililoleta matokeo. Yafaa pia kila kikundi kitabiri kwa maandishi kabla ya kujaribu. Utabiri uliokosea hufundisha zaidi kuliko jibu lililotolewa na mwalimu.

Maswali

1. Kwa nini sindano isirekebishwe rota ikizunguka?

2. Helikopta iliyorekebishwa Denver, Marekani, yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, yapelekwa pwani. Mchanganyiko utakuwaje, na sindano igeuzwe upande gani?

Katika swali la pili mwalimu atazamie jibu hili: hewa ya pwani ni nzito na ina oksijeni zaidi, hivyo mchanganyiko utakuwa mwepesi, na sindano ifunguliwe kabla ya kuruka. Anayelijibu bila kuona mashine ameelewa. Anayengoja injini imwambie huenda akaambiwa akiwa amechelewa.