Kupunguza Mwendo wa Magari Mtaani: Pimeni Kwanza, Tuta Baadaye

Lami ikifika mtaani vumbi hupungua, lakini mwendo huongezeka. Foleni ya Barabara ya Shekilango jijini Dar es Salaam ikikaza, madereva huchepukia mitaa ya ndani ya Sinza, palepale watoto wanapovuka kwenda dukani. Wakazi wakichoka kulalamika, hununua saruji na kujijengea tuta usiku. Hasira yao ni ya haki, ila dawa hiyo huleta maumivu mengine. Kinachompunguza dereva mwendo ni umbo la barabara kuliko kibao, na umbo hilo lina vipimo vyake.

1. Jueni lengo

Kikomo cha kawaida maeneo ya makazi nchini Tanzania ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mtaa wa ndani, lengeni 30, kiwango ambacho Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilikihimiza pale magari na watembea kwa miguu wanapochangamana.

Dereva huchukua kama sekunde moja tangu aone hatari hadi akanyage breki. Akiwa kwenye 50, gari limeshakula mita 14 kabla breki haijaanza kufanya kazi. Akiwa kwenye 30, katika lami kavu, mita 13 hivi humtosha kushtuka, kufunga breki na kusimama kabisa. Mtoto akichomoka nyuma ya bajaji iliyoegeshwa mita 14 mbele, dereva wa kwanza atamgonga kwa mwendo uleule aliokuja nao. Wa pili atakuwa amesimama.

2. Pimeni mwendo wenyewe

Pimeni mita 50 kwa tepu ya fundi, wekeni alama za chaki mwanzo na mwisho, kisha tumieni saa ya simu. Gari likitumia sekunde 6, linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likitumia 4, ni 45. Chini ya hapo linakaribia 50 au limeshapita.

Kaeni pasipoonekana kirahisi, maana dereva akiona watu na daftari hupunguza. Pimeni saa za watoto kwenda na kutoka shule, na jioni. Bodaboda ziandikeni peke yake.

3. Pitieni mlango sahihi

Itisheni mkutano kupitia mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Muhtasari, sahihi za waliohudhuria na vipimo vyenu viambatanishwe kwenye barua ya kwenda ofisi ya wilaya ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na nakala kwa diwani. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017; barabara kuu na za mikoa ni za Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Mkikosea mlango, barua italala.

4. Ombeni tuta lenye vipimo

Tuta jema lina mgongo wa mviringo, upana wa karibu mita 3.7 kwa mwelekeo wa safari, na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Gari la 30 hulivuka bila kishindo. La 50 hutikisika. Tuta fupi lililochongoka humwadhibu kila mtu, akiwemo mjamzito aliye ndani ya bajaji na mgonjwa anayewahishwa hospitali.

Tuta moja halitoshi, kwa sababu dereva akishalivuka hukanyaga mafuta. Yafuatane kila mita 60 hadi 100. Tazameni pia ukingo wa tuta lolote la zamani: mara nyingi mtaona mchirizi mwembamba wa tairi kati ya tuta na mtaro. Hapo ndipo bodaboda hupita bila kupunguza, tena palepale wanapotembea watu. Tuta lifike ukingoni, lakini maji yaachiwe njia ya kuingia mtaroni. Lipakwe rangi inayoonekana usiku, na kibao cha tahadhari kitangulie.

5. Msiishie kwenye matuta

Kona pana humruhusu dereva aingie mtaani bila kupunguza; ombeni ibanwe. Ondoeni bajaji na meza za biashara karibu na kona na vivuko ili mtu aonekane mapema. Penye shule, mradi wa usalama barabarani wa SARSAI wa shirika la Amend, uliotuzwa kimataifa mwaka 2019, ulitumia njia za miguu, matuta na hata kuhamishia geti upande wenye magari machache.

6. Wajibuni wenye haraka

Atakayesema mnamchelewesha, mpigieni hesabu. Mtaa wa mita 600 humalizwa kwa sekunde 43 ukienda 50, na sekunde 72 ukienda 30. Tofauti haifiki nusu dakika. Mwenye safari ndefu ana barabara kuu. Njia ya gari la zimamoto na la wagonjwa ijadiliwe kabla ya kupanga matuta.

7. Pimeni tena

Baada ya mwezi, rudini kwenye alama zilezile, saa zilezile. Magari mengi yakitumia sekunde 6 au zaidi, kazi imefanyika. Yasipofikia, pelekeni vipimo vipya TARURA mkionyesha ni kati ya matuta yapi mwendo unapanda, ili marekebisho yafanyike hapo.