Somo la Murambi: kuwakumbuka wafu bila kuchochea kisasi

Katika kambi mojawapo ya wakimbizi wa ndani hapa Kalemie, tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, Waluba na Watwa pamoja, tukizungumza juu ya kurudi vijijini. Mama mmoja aliinua mkono akasema: "Mwanangu, ninyi watu wa mashirika mnatuambia turudi tukalime. Lakini pale kwenye shamba langu kuna watu waliofukiwa bila jina. Nitapanda mihogo juu yao?"

Watu walinyamaza. Kisha papa mmoja Mtwa akajibu polepole: "Mama, na sisi tuna wetu kule."

Siku ile sikuwa na jibu. Jioni nilikumbuka mahali nilipowahi kufika pamoja na wafanyakazi wengine wa amani. Ni Murambi, kusini mwa Rwanda. Katika somo hili nataka tuangalie mahali pale palitumiwaje kuua watu, panatunzwaje leo, na sisi wa Tanganyika tunaweza kuchukua nini hapo, na nini tukiache.

Kilichotokea Murambi

Mwezi wa Aprili 1994 shule ya ufundi ya Murambi ilikuwa bado inajengwa, juu ya kilima karibu na mji wa Gikongoro. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza tarehe 7 ya mwezi huo. Familia nyingi zilikimbilia makanisani na kwenye ofisi za serikali. Viongozi wakawaambia waende Murambi wakae pamoja, kwani huko watalindwa.

Walikwenda kwa makumi ya maelfu. Walipokwisha kukusanyika, maji yalikatwa na chakula kikawa hakipatikani. Watu walidhoofika kwa njaa na kiu. Walijitetea kwa mawe, na kwa siku chache waliweza kuwazuia washambuliaji. Lakini tarehe 21 Aprili, yapata saa tisa za usiku, wanamgambo walikuja pamoja na askari wenye bunduki na makombora ya mkono. Hadi asubuhi karibu wote walikuwa wamekufa. Walioponyoka na kufika parokia ya Cyanika waliuawa huko siku ile ile. Ukumbusho wa Murambi unataja wafu wapatao 50,000. Waliosalia hai walikuwa wachache sana.

Ndugu msomaji, tazama vizuri jinsi jambo hili lilivyopangwa. Watu waliitwa kwa maneno ya ulinzi, wakakusanywa mahali pamoja, wakanyimwa maji, kisha wakauawa. Haikuwa hasira iliyolipuka ghafula kati ya majirani. Palikuwa na amri, na waliotoa amri walikuwa na majina na vyeo. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu kanali mstaafu Aloys Simba kifungo cha miaka 25 kwa ajili ya mauaji ya Murambi na Kaduha.

Murambi leo

Majengo ya shule bado yapo. Ndani kuna maonyesho yanayoeleza historia hatua kwa hatua. Nyuma kuna makaburi ya pamoja. Mwaka 1995 miili ilifukuliwa, na mingi ikazikwa upya kwa heshima. Lakini mamia ilihifadhiwa kwa chokaa, ikalazwa juu ya meza za mbao ndani ya vyumba vilivyokusudiwa kuwa madarasa. Nilipoingia katika chumba cha kwanza, harufu ya chokaa ilinipiga puani. Niliona mwili mdogo wa mtoto, mkono umefunika uso. Nilitoka nje nikakaa kwenye majani.

Kuna pia vibao vinavyoonyesha mahali askari wa Ufaransa wa operesheni iliyoitwa Turquoise walipopiga kambi baada ya mauaji, karibu kabisa na makaburi ya pamoja. Vibao vinasema kwamba walicheza mpira wa wavu hapo. Ukumbusho hauwafichi waliotazama au waliopita bila kuona.

Mwezi wa Septemba 2023 shirika la UNESCO liliiweka Murambi katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Nyamata, Gisozi na Bisesero. Lakini jambo la miili halijaacha kuleta mjadala. Wako wanaosema: tukiifunika, kesho mtu atakataa kwamba mauaji yalifanyika. Wako wanaosema: huyu ni mama yangu, hastahili kutazamwa na wageni, azikwe apumzike. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Mimi mwenyewe, baada ya kukaa pale kwenye majani, nilielekea zaidi upande wa pili.

"Kwa nini utufundishe juu ya Rwanda?"

Najua swali hili litakuja, na ni swali la haki. Wakongomani wengi wanasema: wafu wa wengine wana makumbusho na wageni wa heshima, lakini wetu wamelala porini. Wasomaji wetu waliofika Kalemie kwa mashua mwaka 2025 kutoka upande wa Uvira na Fizi wanakumbuka Makobola, ambako mamia ya raia waliuawa kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliorodhesha matukio makubwa 617 ya uhalifu nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Ndani ya ripoti hiyo wamo wafu wa Kongo, na wamo pia wakimbizi wa Rwanda waliouawa katika misitu yetu.

Basi, kujifunza Murambi si kusema kwamba machozi ya Rwanda yana thamani kuliko yetu. Anayejenga nyumba huenda kutazama nyumba ya jirani: anaona ukuta ulio imara, anaona pia mahali panapovuja. Nchini Kongo tarehe 2 Agosti sasa ni siku ya kuwakumbuka wahanga wa vita, na sheria ya Desemba 2022 imeweka mfuko wa fidia kwa wahanga. Mlango umefunguliwa kidogo. Swali ni sisi tutaingia na nini mkononi.

Hapa kwetu Tanganyika

Tusijifiche nyuma ya mambo ya mbali. Tarehe 30 Aprili 2015 wanamgambo wa Kiluba walishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani iliyoitwa Vumilia, huko Nyunzu. Watwa wasiopungua 30 waliuawa kwa mapanga, mishale na mashoka, na kambi ikachomwa. Wanamgambo wa Kitwa nao walichoma vijiji vya Waluba, wakaua watu na kubaka wanawake. Kufikia mwaka 2017 zaidi ya watu nusu milioni walikuwa wameyahama makao yao katika jimbo letu. Nyuma ya vita hiyo kulikuwa na madharau ya siku nyingi, kazi bila malipo ya haki, na ugomvi wa ardhi.

Vumilia si Murambi. Idadi si sawa, na mpango si sawa. Lakini waliokufa Vumilia walikuwa watu kama sisi: walikuwa wamekwisha kukimbia mara moja, wakadhani wamefika.

Mambo manne ya kujifunza

1. Kukusanywa siyo kulindwa. Viongozi wa kambi, ulinzi hautokani na neno la mkubwa peke yake. Ulizeni: Nani analinda usiku, na anaamriwa na nani? Maji yanatoka wapi, na nani anaweza kuyafunga? Kuna njia ngapi za kutoka? Nani nje ya kambi anajua hesabu yetu, na tutampigia simu nani saa ya hatari? Maswali haya hayaleti hofu. Ni kazi ya kiongozi.

2. Semeni ukweli wa hesabu. Nchini Poland iko kambi ya Auschwitz-Birkenau, ambako Wanazi waliua watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni moja kati yao Wayahudi. Tangu mwaka 1947 mahali hapo ni ukumbusho, na wafungwa wa zamani walikuwa miongoni mwa watunzaji wa kwanza. Hata hivyo, kwa miaka mingi mabamba ya pale yaliandika kwamba waliokufa ni milioni 4. Mwaka 1990 yaliondolewa, kwa kuwa utafiti ulionyesha kwamba hesabu ile ilikuwa imezidishwa. Lakini watu wanaokana mauaji yale walikuwa wamekwisha kupata cha kushika. Kijiji chetu kikipoteza watu 19, tusiseme 100. Watu 19 wanatosha kabisa kuliliwa.

3. Tajeni waliotenda, si kabila zima. Ukumbusho unaosema "Waluba walituua" au "Watwa walituua" unamfundisha mtoto kumchukia mtoto mwenzake ambaye hakuwa amezaliwa. Unaosema "wanamgambo fulani, tarehe fulani, walifanya hivi" unaonyesha njia ya mahakama. Mwaka 2015 kesi ya washtakiwa 34, Waluba na Watwa, ilianza Lubumbashi. Wale walisimama mbele ya mahakimu kila mtu kwa jina lake, na makabila yao mawili hayakusimamishwa pale.

4. Wenye wafu ndio wenye neno la kwanza. Serikali, kanisa na mashirika yasaidie, lakini yasiamue mahali pa kuzika, maneno ya kuandika wala picha za kuonyesha kabla ya familia kusema.

Mnaweza kuanza na nini?

Hatuhitaji saruji wala fedha za wafadhili ili kuanza. Daftari moja linatosha.

- Andikeni majina ya wafu wa kijiji: jina, umri, jina la mzazi, mahali na tarehe ya kufa. Wenye kuandika wawe watu wawili au zaidi, na mwanamke awe mmoja wao. Asiandikwe mtu ambaye familia yake haikukubali.

- Tengenezeni nakala na muziweke kwa watu wanaoaminika katika mahali tofauti. Orodha ya namna hii isitembezwe sokoni wala kutumwa kwa simu. Mikononi mwa mtu mbaya inaweza kuwa hatari kwa walio hai.

- Makaburi ya pamoja yasifukuliwe na watu wenyewe. Mifupa na nguo ni ushahidi, nao huharibika vikichanganywa. Wekeni alama ya miti au mawe, msilime hapo, kisha pelekeni habari kwa chifu na kwa wakuu wa sheria.

- Wafu wa pande zote mbili wapate nafasi. Kama ni vigumu kuandika daftari moja, yawe madaftari mawili, lakini yasomwe siku moja, mbele ya watu wote. Hapo ndipo baraza la amani lina kazi kubwa.

- Watoto waelezwe kwa kadiri ya umri wao. Mtoto asionyeshwe mwili au picha ya kutisha. Aelezwe pia juu ya watu waliomficha jirani wa kabila lingine, kwa sababu nao wako.

Tulirudi kwa mama yule

Majuma matatu baadaye tulikaa tena chini ya mwembe. Nilieleza habari za Murambi kama nilivyozieleza hapa. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Vijana wetu wakisikia majina, hawatachukua mapanga?"

Niliogopa swali hilo, na bado naliogopa. Sina ahadi ya kumpa. Ukumbusho unaweza kutuliza, unaweza pia kuwasha moto, kutegemea maneno tunayoyaweka juu yake. Ila papa yule Mtwa alisema jambo ambalo nimeliandika: "Mama, mapanga walichukua wakati hatujasoma jina lolote. Tujaribu kuyasoma tuone."

Mama alikaa kimya kitambo, akavuta kitenge begani. Kisha akasema majina matatu. La kwanza lilikuwa la mume wake. Papa alisubiri amalize, akasema mawili. Katibu wa kambi aliyaandika yote matano kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu daftari lilikuwa moja. Shamba bado halijalimwa. Lakini pale walipofukiwa watu, vijana wa pande zote mbili wamekubali kwenda pamoja kuweka mawe msimu wa kiangazi.

Maswali ya kujadili

- Katika kijiji chenu, ni mahali gani ambapo watu huogopa kupita au kulima kwa sababu ya yaliyotokea pale?

- Je, mngependa mifupa ionyeshwe, au izikwe? Kwa nini? Walio na maoni mengine wanasema nini?

- Kama mngeandika kibao chenye mistari mitatu tu, mngeandika nini ili jirani wa kabila lingine aweze kukisoma bila kukimbia?

- Katika kambi yenu, ni nani anaweza kujibu maswali ya somo la kwanza juu ya ulinzi? Mtamwuliza lini?