Mbwa mwongozaji darasani

*Sioni, na mbwa wangu ndiye hunivusha barabara. Je, chuoni Butembo ataruhusiwa kuingia darasani? — Mwanafunzi, Beni*

Hofu ya kuzuiwa ina sababu: Butembo na Beni mbwa hujulikana kama mlinzi wa parsele, na kichaa cha mbwa huua. Sheria ya 3 Mei 2022 inalinda haki za wenye ulemavu nchini Kongo, ila mlinzi wa mlangoni husikiliza karatasi kwanza. Kabla ya masomo kuanza, katibu wa masomo hupelekewa barua, cheti cha daktari na kadi ya chanjo ya mbwa, chanjo inayorudiwa kila mwaka. Darasani mbwa hulala chini ya benchi, kamba fupi, na halishwi na yeyote, hata kipande cha mandazi. Akiuma mtu, jeraha huoshwa kwa sabuni na maji dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.